Jina la kikoa lenye neno la utafutaji: uliuze, uliegeshe, ulijengee tovuti au ulitumie kuwauzia mafundi wateja?

Umekaa na jina moja la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kichwani tangu jana. Ni maneno mawili tu, yale yale ambayo watu huyaandika wanapotafuta huduma fulani, na ulipoliangalia kwa msajili, kampuni inayouza majina hayo, ulikuta bado liko wazi. Kidole kiko juu ya kitufe cha kulipia. Ada ya usajili si tatizo, maana ni ndogo. Kinachokukwamisha ni kwamba hujui utalifanyia nini likishakuwa lako. Ulishike hadi apatikane mnunuzi? Uliegeshe lionyeshe matangazo? Ulijengee tovuti ya makala? Au ulipandishe kwenye matokeo ya utafutaji, kisha wateja wanaopiga simu uwapeleke kwa mafundi wanaokulipa?

Nimepita njia zote nne, na nyingine zimenigharimu. Kila ninapoulizwa ipi ni bora hujikuta nikiuliza na mimi: una nini cha kutosha, fedha au muda? Unaandika vizuri, au unaongea na watu vizuri? Jina ni lile lile, lakini kazi hizi nne hazifanani, na aliyeshindwa moja anaweza kustawi kwenye nyingine.

Kwanza, jina lenyewe lina nguvu gani siku hizi

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni ni wa enzi iliyopita. Miaka ya nyuma, jina lililofanana neno kwa neno na alichotafuta mtu liliweza kukaa ukurasa wa kwanza hata kama tovuti ilikuwa na kurasa tano za maneno ya kujazia. Tarehe 28 Septemba 2012 Google ilitangaza badiliko la kupunguza tovuti hafifu za aina hiyo. Aliyelitangaza ni Matt Cutts, wakati huo kiongozi wa kitengo cha kupambana na matokeo taka, akisema litagusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani kwa kiwango cha kuonekana. Ni asilimia inayosikika ndogo, ila badiliko hilo lilikuja juu ya mengine mawili ya Google: Panda ya 2011, iliyoshusha maudhui hafifu, na Penguin ya Aprili 2012, iliyoshusha tovuti zilizojijenga kwa viungo (linki) vya hila. Aliyekuwa na mamia ya vitovuti vyepesi alipigwa mara tatu ndani ya miezi kumi na tisa.

Soma vizuri kilicholengwa: tovuti hafifu. Tovuti nzuri yenye jina la namna hii haikukatazwa kupanda, ila ilinyimwa kupanda kwa sababu ya jina peke yake.

Pigo jingine lilitoka kwenye vivinjari. Zamani mtu aliandika neno moja kwenye kisanduku cha anwani, akaongeza .com, akaona kinatokea nini. Wenye majina ya maneno ya kawaida walivuna wageni bila kugusa injini yoyote ya utafutaji. Chrome ilipotoka 2008, kisanduku cha anwani na cha utafutaji vilikuwa kimoja, na vivinjari vingine vikafuata. Neno lile lile likaanza kuishia kwenye matokeo ya Google.

Kilichobaki ni vitu viwili. Mtu anayeona kwenye matokeo jina linaloeleza alichotafuta huelewa haraka kuwa amefika. Na mfanyabiashara wa fani hiyo hulitamani jina, akawa tayari kulilipia. Vyote viwili ni fedha halali, lakini hakuna hata kimoja kinachokupandisha ukiwa umelala.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Umoja na wingi hubadilika mwanzoni mwa neno, na kiunganishi kinafuata: chumba cha kupanga, vyumba vya kupanga, bima ya gari, bima za magari. Kila umbo ni jina jingine kabisa la kusajili. Ukiyabana yawe anwani unapata "bimayagari", na jicho la msomaji linasimama kutafuta neno moja linaishia wapi. Ukiondoa kiunganishi upate "bimagari", linasomeka vizuri ila si lugha anayoongea mtu. Zaidi ya hapo, wengi wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima huandika utafutaji wao kwa Kiingereza, au nusu kwa nusu. Kwa hiyo usikisie. Fungua Keyword Planner ya Google, weka maumbo yote unayoyafikiria, uone lipi linaandikwa kweli. Kisha lisome jina kwa simu kwa mtu asiyelijua, umwombe aliandike. Akikosea mara mbili, mnunuzi naye atakosea.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo yale yale: mtaji, muda wa kusubiri pato la kwanza, kazi yenyewe ilivyo, unavyoitegemea Google, na kinachoweza kukuangusha. Mwisho wa kila moja nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kununua na kuuza

*Mtaji.* Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Bei ya jina moja ni ndogo, lakini hakuna anayebaki na jina moja, na ada hurudi kila mwaka. Wafanyabiashara wenyewe hukadiria kwamba kuuza jina moja au mawili katika kila 100 kwa mwaka ni hali ya kawaida. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu. Ukiwa na majina 100 na ukauza mawili, kila lililouzwa linabeba ada ya majina 50 kabla hujaanza kuhesabu faida. Ukiuza moja, limebeba yote 100. Nilikuwa na majina 43 nilipoichora hesabu hii kwa mara ya kwanza, na jioni ile ile nilizima uhuishaji, yaani ulipaji wa ada ya mwaka, wa majina 29.

*Muda.* Wiki moja au miaka saba. Hata ukipata mnunuzi mapema, jina jipya la .com kwa kawaida haliwezi kuhamishiwa kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, ingawa mnunuzi anaweza kukabidhiwa ndani ya msajili yule yule.

*Kazi.* Ni kuchambua zaidi kuliko kutenda. Unapitia NameBio kuona majina ya namna hiyo yaliuzwa kwa kiasi gani, unafuatilia minada, unaweka bei kwenye masoko kama Sedo na Afternic, unajibu barua pepe. Wengine husubiri majina yaliyoisha muda. Kwa .com, msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45 baada ya kuisha, likaingia siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Majina mazuri mara nyingi hayafiki mwisho wa foleni hiyo, maana wasajili huyapeleka mnadani mapema.

*Kuitegemea Google.* Kidogo sana. Mnunuzi hanunui nafasi yako kwenye matokeo, ananunua neno.

*Kinachoangusha.* Habari za mauzo makubwa. Mwaka 2010 kampuni ya QuinStreet ilinunua CarInsurance.com kwa dola milioni 49.7 na Insurance.com kwa dola milioni 35.6, na takwimu hizo hutajwa kama bei za majina. Zilikuwa tovuti zenye wageni na biashara ndani yake. Voice.com, lililouzwa 2019 kwa dola milioni 30, lilikuwa jina kweli, lakini ni neno moja la Kiingereza lenye herufi tano ambalo kila fani inaweza kulitumia. Jina lako la maneno matatu halikai kwenye mizani hiyo.

Kuna na kosa la tamaa, nalijua kwa karibu. Siku moja nilipata barua pepe ya mstari mmoja: "Jina hili bado lipo?" Nilijibu ndani ya dakika nne kwa bei mara kumi ya ile niliyokuwa nimeiandika kwenye orodha yangu mwenyewe. Hakurudi. Miaka miwili baadaye niliacha jina lile life.

*Inamfaa* mwenye akiba asiyoihitaji karibuni, mwenye subira, anayeweza kukata jina alilolipenda bila kuumia.

Njia ya pili: kuegesha

Hii nitaipita haraka kwa sababu imebaki nyembamba. Unaelekeza jina kwenye huduma ya maegesho, linaonyesha ukurasa wa matangazo yanayohusiana na neno, na mtu akibofya mnagawana.

*Mtaji* ni ada ya jina tu, *muda* ni siku chache, *kazi* ni karibu sifuri. *Kuitegemea Google* ni kukubwa kuliko kunavyoonekana: injini za utafutaji hazipandishi kurasa tupu za matangazo, kwa hiyo wageni ni wale tu wanaoandika anwani wenyewe, huku sehemu kubwa ya matangazo kwa miaka mingi ikitoka Google hiyo hiyo. Mwaka 2025 Google ilianza kutoonyesha matangazo ya akaunti mpya kwenye vikoa vilivyoegeshwa, isipokuwa mtangazaji achague mwenyewe. Hicho ndicho *kinachoangusha*: kisima kinakauka kutoka juu.

Njia hii ilikuwa na enzi yake. Kulikuwa na siku 5 za kurudisha jina jipya na kurejeshewa fedha, na watu walisajili mamilioni, wakapima yapi yanaleta wageni, wakarudisha mengine. ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ilipoanza kutoza yaliyorudishwa kupita kiasi, mchezo huo ulikuwa umekwisha karibu wote kufikia 2009.

*Inamfaa* mwenye majina ya zamani yanayopata wageni tayari, au mwenye majina ya kuuza anayetaka pato dogo la kupunguza ada. Hata huyo ningemshauri aweke ukurasa rahisi unaosema jina linauzwa na namna ya kuwasiliana naye.

Njia ya tatu: kujenga tovuti ya makala

*Mtaji* wa fedha ni mdogo: jina, hosti (mahali tovuti inapohifadhiwa), labda mhariri. Mtaji wa muda ndio mzito. Makala 30 za kweli, zinazojibu kitu ambacho mtu alikuja kukijua, ni miezi ya kazi kwa mtu mmoja mwenye shughuli nyingine.

*Muda wa kusubiri.* Tovuti mpya huweza kukaa nusu mwaka hadi mwaka kabla mchoro wa mibofyo kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, haujainuka. Miezi ile ya mstari ulionyooka chini ndiyo inayoua tovuti nyingi, maana mwenyewe huacha.

*Kazi.* Kuandika, kusahihisha ya zamani, kujibu maswali mapya. Pato hutoka kwenye matangazo, kwenye kamisheni ya kuuza bidhaa za wengine, au kwenye bidhaa yako. Kwa AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, mchapishaji hubaki na takriban asilimia 68 ya anacholipa mtangazaji. Neno lenye watangazaji wengi wanaoshindana, kama bima au mikopo, hulipa mara nyingi zaidi ya neno la burudani lenye wageni mara kumi. Ndiyo maana kuhesabu wageni peke yake kunapotosha.

*Kuitegemea Google.* Kwa kiasi kikubwa, na jambo hili linastahili kukukosesha usingizi. Badiliko moja la kanuni linaweza kukupunguzia nusu ya wageni bila wewe kukosea chochote. Tangu Mei 2024 Google ilipoanza kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo, maswali mepesi mengi hujibiwa hapo hapo na mtu habofyi. Makala ya "nini maana ya" ndiyo iliyoathirika zaidi kwa ninavyoona. Linganisho, kipimo ulichofanya mwenyewe na picha ya kitu ulichokishika bado vinabofywa.

*Kinachoangusha.* Mambo mawili zaidi ya Google. La kwanza ni kumtegemea mlipaji mmoja. Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni za washirika wake, na samani zikashuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Aliyekuwa na tovuti ya meza na viti alipoteza zaidi ya nusu ya kipato kwa neno lile lile, nafasi ile ile na wageni wale wale.

La pili ni historia ya jina. Niliwahi kununua mnadani jina lililoisha muda, lenye maneno mawili niliyoyataka na viungo kutoka tovuti nyingi. Niliandika makala 18. Miezi saba baadaye ni nne tu zilizokuwa zimeingizwa kwenye kumbukumbu za Google. Nilipofungua Wayback Machine (hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti), kitu ambacho kingenichukua dakika tano kabla ya kununua, nilikuta kurasa za kamari zimejaa miaka miwili mfululizo. Mambo yamezidi kuwa magumu tangu hapo: Machi 2024 Google iliweka wazi kwenye sera zake kwamba kununua kikoa kilichoisha muda ili kupandisha maudhui yasiyo na faida kwa msomaji ni taka, sawa na kuzalisha makala kwa wingi ili kuteka nafasi. Kulifufua jina la zamani kwa kazi ya kweli hakujakatazwa. Ila usilipe ziada kwa viungo vyake ukidhani umenunua nafasi.

*Inamfaa* anayeijua mada kiasi cha kuandika bila kunakili, anayeweza kungoja mwaka. Kuna faida moja ambayo njia nyingine hazina: tovuti yenye pato huuzwa kwa kuzidisha faida yake ya mwezi mara kadhaa, kwa hiyo kazi yako inabaki kuwa mali.

Njia ya nne: kupandisha tovuti ya huduma na kuuza wateja

Jina hapa huwa ni kazi pamoja na mji: fundi bomba wa mahali fulani, kuhamisha vyombo mahali fulani. Unajenga tovuti ndogo, inapanda kwa utafutaji wa eneo hilo, simu zinaingia, na unamuuzia fundi kila simu au unampangisha tovuti nzima kwa mwezi.

*Mtaji* ni wa kati: jina, tovuti, namba ya simu ya kufuatilia. *Muda* mara nyingi ni mfupi kuliko tovuti ya makala, kwa sababu ushindani wa mji mmoja ni mdogo kuliko wa dunia. Hapa ndipo jina la maneno ya utafutaji linapofanya kazi yake vizuri kuliko kwingine kote, maana mtu ambaye bomba limepasuka anabofya kinachotaja tatizo lake na mji wake.

*Kazi* ni ya kuongea. Fundi wa kwanza atakuambia simu hazina maana. Mpe kumi za kwanza bure, mkae pamoja mwisho wa wiki mhesabu ngapi zilizaa kazi, na hapo bei itajipanga yenyewe. Nimeona mwandishi hodari akishindwa njia hii kwa sababu hapendi kupokea simu.

*Kuitegemea Google* ni kwa kiasi kikubwa, na kuna mipaka unayopaswa kuijua kabla ya kusajili. Mawakala wa kukusanya wateja hawaruhusiwi kufungua wasifu wa biashara kwenye Ramani za Google, kwa hiyo sanduku la ramani lililo juu ya matokeo si lako. Ni la fundi mwenye biashara halisi. Na ukinakili tovuti moja mara 40 kwa kubadilisha jina la mji tu, Google inazihesabu kuwa kurasa za mlango, nazo ni taka kwa sera zake.

*Kinachoangusha* zaidi ya hapo ni uaminifu. Mteja anapaswa kujua anapelekwa kwa nani. Fundi mbovu akiharibu kazi, jina linalolaumiwa ni la tovuti yako, na mwenye haki ya kulalamika ni yule aliyekuamini.

*Inamfaa* anayejua fani fulani na mafundi wake, anayependa mapatano.

Kabla ya kulipa, kwa njia yoyote

Angalia alama za biashara. Neno la kawaida la fani ni la wote, lakini ukichanganya na jina la kampuni umeingia kwenye mgogoro. Chini ya utaratibu wa ICANN uliopitishwa 1999, mlalamikaji anachukua jina lako akithibitisha mambo matatu: kwamba linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Sheria ya Marekani ya mwaka huo huo inaruhusu mahakama kutoza dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina. Ukiuza au kununua kwa fedha ya maana, tumia huduma ya kushikilia malipo kama Escrow.com, hata kama upande wa pili anaonekana mwungwana.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una jina moja na huna fedha ya ziada: lijengee kitu. Ukurasa mmoja wa kweli unaojibu swali lililo kwenye jina hautapunguza thamani yake kwa mnunuzi, na utakufundisha kama watu wanalitafuta.

Una akiba lakini muda huna: nunua na uuze, kwa majina machache. Weka kikomo cha idadi kabla ya kuanza, na andika leo, karibu na kila jina, bei utakayokubali. Barua pepe ikija usiandike nyingine.

Umerithi au umelimbikiza majina mengi: egesha kwa miezi mitatu ili kuona yapi yanapata wageni. Yasiyopata mgeni wala ulizo, usiyahuishe.

Unaijua fani, iwe ufundi, bustani au kodi: tovuti ya makala kama unapenda kuandika, ya kuuza wateja kama unapenda kuongea. Ukipenda vyote, anza na ya wateja, maana simu za wiki ya kwanza zitakupa maswali ya kuandikia makala.

Unahitaji fedha ndani ya miezi mitatu: usisajili chochote. Ujuzi ule ule wa kupandisha tovuti una wateja leo, wafanyabiashara wenye tovuti ambazo hazionekani. Wafanyie wao kwa malipo, na jina lako lisubiri.